Kuachisha Kazi kwa Mdomo

Kila masika yanapokaribia, na wageni wakaanza kupungua katika mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje, husikika malalamiko yale yale: mfanyakazi ameambiwa na msimamizi wake asirudi kesho. Hakupewa barua, hakutajiwa kosa, wala hakuulizwa neno. Wapo waajiri wanaodhani kuwa huo ndio uendeshaji madhubuti. Sisi tunasema ni dhulma, tena ni dhulma inayomtia hasara mwenye kuitenda.

Zanzibar inayo Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005. Mambo ya kazi si ya Muungano. Kwa hiyo mwajiri wa hapa anayejikinga kwa kanuni alizozisoma Dar es Salaam amejifunika mwavuli wa mwenziwe. Lakini msingi wa haki haubadiliki kwa kuvuka bahari. Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka pawepo sababu ya kweli ya kumwachisha mtu, na asiachishwe kwa tuhuma za mwenendo wake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea. Huko Bara, Sheria Namba 6 ya mwaka 2004 imemtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kuwa alitenda haki, na ilipotungwa iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Mwajiri asiye na karatasi hata moja atathibitisha kwa nini?

Wengi hujibu: "Huyu ni mwizi, tumemkamata, maneno ya nini tena?" Waliosoma Sura ya Saad wanakijua kisa cha Nabii Daud na wagomvi wawili waliomwingilia mihrabuni, mmoja akiwa na kondoo 99 na mwenziwe mmoja tu. Nabii alihukumu kwa kauli ya mlalamikaji, kisha akatanabahi, akamwomba Mola wake msamaha. Ikiwa Nabii alitanabahishwa, meneja wa hoteli ni nani hata asisikilize upande wa pili? Na mwizi wa kweli hapungukiwi wizi wake kwa kuandikiwa tuhuma, kupewa siku za kujibu, na kuja mbele ya kikao pamoja na mwenziwe au mjumbe wa chama cha wafanyakazi. Anayefaidika hapo ni mwajiri, maana kesi nyingi za namna hii hazipotei kwa sababu mfanyakazi hakukosa, bali kwa sababu utaratibu uliachwa.

Jambo jingine ni kuchanganya kosa na upungufu wa kazi. Hoteli isiyo na wageni ina haki ya kupunguza watu, lakini iseme hivyo, ikae na wafanyakazi mapema na ieleze nani atapunguzwa na kwa kigezo gani. Kumzulia kijana ulevi ili asilipwe stahili zake ni uovu mtupu.

Wala ndugu zetu wakuu wa mashirika ya umma wasidhani haya yanawahusu wenye mahoteli peke yao. Wao wakivunja utaratibu, fidia hutoka katika fedha za wananchi. Maofisa wa kazi wa Unguja na Pemba wangefanya vyema kuzungukia sehemu za kazi kabla ya masika, wakaangalia mikataba na daftari za nidhamu, badala ya kungoja mashauri yawafikie ofisini.