Adui Apitaye Vizuizini

Mnunuzi wa mihogo katika soko la Owino, Kampala, huvunja kwanza mzizi mmoja. Ganda laweza kuwa safi, kumbe ndani umeoza, umekauka na kuwa kahawia. Huo ndio ugonjwa wa michirizi kahawia, ulioonekana tena Uganda mwaka 2004, baada ya batobato kali la miaka ya 1990 kufagia mashamba ya Teso na kuleta njaa.

Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi mweupe, mdudu mdogo kuliko punje ya mtama. Wataalamu walimchunguza huko Amani, Tanganyika, tangu miaka ya 1930. Nao wa Namulonge, kaskazini ya Kampala, wametoa mbegu zinazostahimili, zikiwamo za Nase na, mwaka 2015, NAROCASS.

Lakini, ndugu askari, nzi huruka mwendo mfupi. Lori huenda mbali. Askari anayehamishwa akifunga mashina ya muhogo mtamu wa kambi yake ya zamani, huenda amebeba ugonjwa hadi wilaya nzima, hata kama majani yalionekana mazima. Tunaona ni afadhali ayaache, aombe mbegu kwa bwana shamba wa huko aendako.

Vizuizini nako, aulizwe mwenye mashina ameyatoa wapi. Mama apelekaye magunia Owino asisumbuliwe. Mzizi wake unakwenda chunguni, haupandwi.