Tyubu moja, rumu nzima?

Jamani wadau, leo nina hasira. Rumu yetu ina tyubu moja ya betamethasoni. Upele? Paka. Chunusi? Paka. Fangasi? Paka! Ukiuliza, unaambiwa "mbona inasaidia". Inasaidia wapi? Hiyo ni steroidi: inatuliza muwasho na wekundu, huku fangasi wanaendelea kutambaa kimya kimya. Mimi shahidi. Duara la shingoni lilikuwa kama kizibo cha soda. Wiki mbili baadaye likafika kiganja! Fangasi wana dawa yao, kama klotrimazoli, na huachi siku muwasho unapoisha. Muulizeni mfamasia kwanza, siyo jirani wa kitanda cha juu. Walimu watarajiwa sisi, halafu hata kikaratasi cha ndani ya boksi hatusomi? Mwenye kununa anune.