Bustani ya Nyandungu nayo ni barabara ya biashara

Malori yanayotoka mpaka wa Rusumo kuingia Kigali hupita kando ya bustani ya Nyandungu, jirani na uwanja wa ndege wa Kanombe. Kwa wengi hapo ni mahali pa kupigia picha za harusi. Picha hupigwa kweli, lakini kazi ya bonde lile ni kuyapokea maji ya mvua yanayoporomoka kutoka milimani na kuyazuia yasikimbie.

Bustani hiyo ya hekta 121 ilifunguliwa kwa umma Julai 2022, baada ya miaka ya kulikarabati bonde lililokuwa limeharibiwa na shughuli za watu. Kuna mabwawa, mafunjo na miti zaidi ya 17,000. Maji yakifika hapo hutawanyika, hupunguza mwendo na kuliacha tope. Mengine huzama ardhini, yanayobaki hutoka taratibu. Hakuna pampu wala dizeli.

Upande wa pili wa mji hali ni tofauti. Mfanyabiashara aliyewahi kushuka basi la Kampala au Bujumbura anaifahamu stendi ya Nyabugogo, na huenda anayafahamu mafuriko yake pia. Mtaro wa Mpazi hukusanya maji ya vilima vya Nyamirambo na Kimisagara na kuyashusha huko kwa kasi. Mtaro wa zege haupunguzi maji hata tone. Huyafikisha haraka kwa aliye chini. Aliye chini ndiye mwenye robota la mitumba sakafuni, na hasara yake haiandikwi kwenye bajeti ya mtaro wowote.

Kwa hiyo uamuzi wa Rwanda kukarabati mabonde mengine matano ya Kigali, likiwemo la Nyabugogo, ni sahihi. Ila usichukuliwe kuwa habari ya ndege na maua. Bonde la Gikondo lilijazwa viwanda na maghala, kisha wenyewe wakaambiwa wahame. Mwenye kiwanda aweza kuhamia eneo maalumu la viwanda. Muuza viatu anayetegemea abiria wa stendi atahamia wapi? Swali hilo lijibiwe kabla ramani haijafungwa, na vyama vya wafanyabiashara wadogo, hata vya wanaotoka nje ya mpaka, viwepo mezani.

Swali la pili ni la tope. Mabwawa hujaa, na yakishajaa bustani huwa uwanja tu. Anayeyazoa apangiwe fedha kila mwaka, kama anayeziba mashimo barabarani. Na huko juu, kila paa lisilo na tangi linaendelea kumwaga maji kwa jirani.

Dar es Salaam nayo iko njiani. Mradi wa bonde la Msimbazi unakusudia kuifanya sehemu ya Jangwani kuwa bustani ya mji, hatua chache kutoka Kariakoo. Jangwani ikifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa, na wateja wa Kariakoo kutoka Zambia, Malawi na Kongo hukwama na mizigo yao. Mipango ya bustani hiyo ihesabu siku hizo walizopoteza, sawa na inavyohesabu nyumba zilizobomolewa.