Kofia ya Viua na Wasiwasi wa Mshonaji



Katika nyumba nyingi za Pemba, kuanzia Wete hadi Mkoani, mama na dada zetu hushona kofia za viua. Nakshi huchorwa kitambaani, hutobolewa tundu ndogo ndogo, na kila tundu huzungushiwa uzi kwa mkono. Kofia moja huchukua wiki kadhaa, nyengine miezi. Hata hivyo, zipo kofia zilizokwisha zinazolala sandukuni kwa kuwa mwenyewe ameona kiua kimoja hakikulingana na mwenzake. Hufumua, akashona, akafumua tena. Mwisho mtoto hudaiwa madaftari, na kofia huuzwa kwa bei ya kutupa kwa mchuuzi anayejua kuitumia hofu hiyo.

Je, sheria inamtaka muuzaji nini? Imepokewa na Imamu Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alitia mkono wake ndani ya lundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji. Muuzaji akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akaonya vikali juu ya udanganyifu. Tuzingatie: lawama ilikuwa ya kuficha. Hakuambiwa asiuze mpaka chakula kiwe hakina dosari.

Nayo aibu ya bidhaa ina mipaka yake. Kwa mafakihi wa Kishafii, ni upungufu unaopunguza kitu chenyewe au thamani yake na kumkosesha mnunuzi lengo lake, ilhali kawaida ya kitu cha aina hiyo ni kusalimika nao. Kazi ya mkono kwa kawaida haifanani kama iliyotoka mashineni. Basi kiua kilichopinda kidogo, ambacho hakuna akionaye ila aliyekishona, hakiingii katika aibu. Uzi unaochuja rangi, doa, mshono unaofumuka au kipimo kisicholingana na kilichoagizwa, hizo ndizo aibu. Mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki ya kurudisha.

Kwa hiyo, dada yangu, ikague kofia mara moja kwa utulivu, mchana penye mwanga. Ipime mzunguko. Vuta mishono kwa kidole. Mpe mshonaji mwenzako aitazame. Likionekana la kurekebishwa, rekebisha. Lisilorekebishika, litaje kabla ya kukubaliana bei. Baada ya hapo uza, wala usitangulie kuidharau kazi yako mbele ya mchuuzi. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao.

Kutenda kazi kwa ihsani ni ibada, lakini wasiwasi hauna ukomo. Mwenye kutia udhu huosha kiungo mara tatu. Kuzidisha ni makuruhi, hata kama moyo haujatua. Naye sindano anapaswa kuiweka chini kazi inapotimia.

Mama yetu Zaynab bint Jahsh (R.A.) alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka kutokana na pato lake. Kofia iliyofungiwa sandukuni haimnunulii mtoto daftari, wala haitoi sadaka.

Wabillahi tawfiq.