Tuhesabu Waliofaidika, Si Vilivyogawiwa

Msafiri anayetoka Tunduma kwenda Sumbawanga siku hizi hapambani tena na matope ya masika. Barabara ni ya lami, na kipande cha kutoka Laela mpaka Sumbawanga peke yake kinapata kilomita 95. Zaidi ya hayo, Laela sasa ndiyo makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga. Kwa miaka mingi wananchi wa vijijini walisimamiwa kutoka ofisi zilizokaa ndani ya mji ambao wenyewe una halmashauri yake nyingine. Mkulima wa Laela au wa Mpui aliyetaka barua moja tu alipoteza siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi. Kuziondoa ofisi mjini na kuzileta kwa wenye wilaya kulikuwa ni haki, nasi tunafurahi.

Lakini furaha hiyo isitusahaulishe swali moja. Ofisi imesogea, je, huduma nayo imesogea? Mtu anaweza kuishi hatua 100 kutoka mlango wa ofisi akafa na shida yake, kwa sababu hakuna aliyemwuliza hali. Na yule wa Muze au wa Mtowisa, aliye chini bondeni upande wa Ziwa Rukwa, bado anaitazama Laela iko juu ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Kwake yeye makao mapya hayakuwa karibu hata kidogo. Kwa hiyo ukaribu wa huduma haupimwi kwa jengo. Unapimwa kwa jinsi mpango unavyomjua mtu, na jinsi wenye mpango wanavyorudi kumtazama baada ya kumhudumia.

Sote tunajua kwamba wananchi wa wilaya hii si wa namna moja. Juu uwandani yuko mkulima wa mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Chini bondeni yuko mvuvi, yuko mlima mpunga, na yuko mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake. Katika kila kijiji yuko mzee asiye na mtoto wa kumchotea maji, yuko mjane mwenye wajukuu watano, yuko kijana aliyemaliza shule na hana shamba, yuko asiyeona, yuko asiyesikia, yuko mwenye ualbino anayehitaji kofia, mafuta ya ngozi na usalama wa maisha yake. Watu hawa wote ni wananchi sawasawa, lakini shida zao si sawasawa. Anayewapangia wote dawa moja hawatendei usawa. Mganga akimpa kila mgonjwa kidonge kile kile ili asionekane ana upendeleo, tutamwita mwenye haki au mvivu?

Mfano mkubwa tunao nyumbani kwetu, na ni mfano wa kutia uchungu. Mkoa wa Rukwa ni ghala la mahindi. Magari huondoka Ufipa yamejaa magunia kwenda kulisha mikoa mingine. Hata hivyo uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Rukwa, kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, karibu 50 wamedumaa. Hesabu kamili ni asilimia 49.8. Kwa nchi nzima ni asilimia 30. Mikoa iliyotuzidi ni Iringa na Njombe tu, nayo pia ni mikoa ya chakula tele. Yaani pale penye magunia mengi ndipo penye watoto waliodumaa wengi.

Jambo hili lina maana gani? Lina maana kwamba mpango unaosema "ongezeni mahindi" ulifaulu kwa hesabu ya magunia ukashindwa kwa hesabu ya watoto. Mtoto hakui kwa ugali mtupu; anataka maharage, mboga, matunda, maziwa, mayai na samaki. Anataka maji safi, maana mtoto anayeharisha kila mara hata chakula kizuri hakimkai. Anataka mama aliyepumzika wakati wa mimba, na anayerudi kutoka shambani mapema akamlisha mara kadhaa kwa siku. Sasa mama anapoanza siku gizani na jembe, akarudi na kuni kichwani na maji mkononi, huyo hatasaidiwa na mkutano wa kumwambia faida za mboga. Faida anazijua. Kilichompungukia ni wakati, maji ya karibu, na mume wa kushika mtoto. Mpango ambao haukumwuliza mama huyu utamletea somo, nao utaandika katika taarifa kwamba umemhudumia.

Hapo ndipo tunapogombana na desturi mbaya iliyoota mizizi mahali pengi nchini. Taarifa za maendeleo huhesabu vilivyogawiwa. Husema semina zimefanyika kadhaa, wamehudhuria kadhaa, fedha zimetumika zote, picha zimepigwa. Baada ya miezi sita nani amerudi kuuliza? Tuseme kijiji kimepewa viti vitatu vya magurudumu. Katika taarifa hiyo ni kazi iliyokwisha. Lakini kama mmoja wa waliopewa anakaa kwenye mtelemko wenye mawe, na mwingine kiti chake kimevunjika gurudumu na hapana fundi, basi aliyefaidika ni mtu mmoja, si watatu. Aliyepanga asipokuja kutazama, mwaka ujao ataagiza viti vitatu vingine vya namna ile ile.

Siku hizi maofisa huwaita watu wanaohudumiwa "walengwa". Hatuna ugomvi na neno, lakini twakumbusha kwamba mwananchi si shabaha ya kulengwa kutoka mbali. Mwananchi ndiye mwenye mpango. Na fikira hii si mpya wala haikutoka ng'ambo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi wasiwe na majivuno na dharau, ukasema wazi kwamba maendeleo yakitakiwa kuwafaa watu, lazima watu wenyewe washiriki katika kuyafikiria, kuyapanga na kuyatekeleza. Imepita zaidi ya miaka 50. Je, tumeutii?

Ziko nyakati tulizoutii, nazo zilizaa matunda. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaulizana: hapa kwetu ugonjwa unatoka wapi, na sisi tutafanya nini? Kila kikundi kiliamua kazi yake. Hapa wakachimba vyoo, pale wakasafisha visima, kwingine wakafyeka majani karibu na nyumba. Kisha wakaguzi wakaenda vijijini kuhesabu vyoo na kulinganisha na hesabu ya kabla ya kampeni. Hivyo ndivyo mpango unavyopangwa na hivyo ndivyo unavyokaguliwa: watu kwanza, kazi baadaye, na mwisho mtu anakwenda kuona kwa macho.

Leo hatukosi vyombo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane angalau mara moja kila miezi mitatu. Tangu miaka ya 2000 vijiji vimefundishwa kupanga kwa njia ya Fursa na Vikwazo. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, ulioanza mwaka 2012, uliwataka wanakijiji wenyewe wawataje walio maskini zaidi katika mkutano. Kaya zenye nguvu zikapewa kazi za muda, na zile za wazee na wagonjwa wasioweza jembe zikapewa ruzuku bila kudaiwa kazi. Hapo mpango ulitambua kwamba shida hazilingani. Hata hivyo, uhakiki wa mwaka 2016 ulipofanywa nchini zilikutwa kaya zisizostahili na majina ya wasiokuwapo. Orodha iliyoandikwa mara moja ikaachwa bila kurudiwa huoza kama mahindi yaliyoanikwa mvuani.

Vilevile iko ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo sheria tangu mwaka 2018 inataka ikopeshwe bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwanzoni kanuni zilidai kila anayekopa awe ndani ya kikundi. Asiyeweza kutembea, aliye peke yake katika kitongoji chake, atapata wapi wenzake wa kuunda kikundi? Mwaka 2021 kanuni zilirekebishwa, mtu mmoja mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopeshwa peke yake. Marekebisho hayo madogo yana thamani kubwa, maana yanaonyesha kwamba kanuni ikimwumiza mtu, kinachobadilishwa ni kanuni. Na mikopo hiyo iliposimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro katika utoaji na urejeshaji, tulijifunza upande wa pili: pasipo ukaguzi, mwenye shida ya kweli huadhibiwa kwa makosa ya mjanja.

Kwa hiyo sisi twasema mambo manne kwa viongozi wa Laela, na kwa kila halmashauri inayosoma gazeti hili.

Kwanza, kila kijiji kiwe na daftari la watu wenye mahitaji, lililoandikwa nyumba kwa nyumba, nalo lirudiwe kila mwaka. Mbele ya kila jina iandikwe shida halisi, si "maskini" tu wala "mlemavu" tu. Asiyeona anataka nini? Fimbo, shule, au mtaji wa kuku? Aulizwe yeye.

Pili, kila huduma iandikiwe tangu mwanzo alama ya kufaulu inayoonekana kwa macho. Tusiseme "akina mama 40 wameelimishwa". Tuseme: baada ya msimu mmoja, nyumba ngapi zina mboga wakati wa kiangazi, na watoto wangapi uzito wao umepanda kwenye kadi ya kliniki?

Tatu, kila miezi mitatu, mkutano wa kijiji unapokutana, afisa maendeleo asimame aeleze: tuliahidi hili, limefanyika hili, hili limeshindikana. Kisha akae asikilize. Lakini mambo ya siri ya mtu, kama ugonjwa wake au mateso ya ndani ya nyumba, yasipelekwe mkutanoni kamwe. Hayo yaulizwe kwa faragha, na mtu anayeaminika. Heshima ya maskini ni mali yake ya mwisho. Tusimpokonye kwa jina la uwazi.

Nne, mpango unaoshindwa usimamishwe au ugeuzwe, na anayesema umeshindwa asionewe. Afisa kijana anayeandika ukweli kutoka bondeni ni askari wetu mwema kuliko yule anayeandika "hali ni shwari" akiwa kitini.

Tunasikia jibu: fedha ni chache, maofisa ni wachache, safari ni ndefu. Ni kweli. Lakini uchache ndio sababu ya kukagua. Tajiri aweza kumwaga mbegu bila kutazama zilipoangukia; maskini hana budi kuihesabu kila punje. Mkulima wa Ufipa anajua. Anapolima ntumba hugeuza majani na udongo kuwa kifusi, akaacha yaoze, akapanda maharage, na msimu mwingine akakitawanya kile kifusi apate rutuba ya ulezi. Hafanyi hayo kwa kufumba macho. Hupita shambani, hushika udongo, huona palipolala na palipokataa. Nani amewahi kumwona mkulima anayepanda halafu hakanyagi tena shamba mpaka mavuno? Basi kwa nini tukubali mtumishi anayepanda huduma halafu hakanyagi tena kijiji?

Nasi wananchi tusijifanye hatuna lawama. Wako wanaomficha mtoto mwenye ulemavu chumbani kwa kuona haya, na daftari linapopita wanasema nyumbani hamna shida. Wako wenye ng'ombe na mabati wanaojiandikisha ukata ili wapate ruzuku ya mjane. Wako wasiohudhuria mkutano wa kijiji hata mara moja kwa mwaka, lakini kilabuni ndio wasemaji wakuu wa makosa ya serikali. Mkutano ukiwa mtupu, mwenyekiti na mtendaji watapanga wawili, na wawili hawawezi kuzijua shida za kijiji kizima. Mwenye kunyamaza asishangae akisahauliwa.

Wazee wetu walipodai Uhuru hawakudai bendera peke yake. Walidai kwamba mtu wa nchi hii asihesabiwe tena kama kichwa cha kodi katika daftari la mkoloni, bali ajulikane kwa jina, aulizwe, na ajibiwe. Kumhesabu leo kama kichwa cha semina katika daftari letu wenyewe ni kurudisha dharau ile ile kwa mlango wa nyuma.

Ofisi zimefika Laela. Sasa maofisa watoke humo, wapande na kushuka Lyamba lya Mfipa, wapige hodi. Na watakaporudi mezani kuandika taarifa, waandike jina la kijiji, hali ya mtu waliyoikuta mwanzo, na hali yake sasa. Taarifa ya namna hiyo hata ikiwa ya ukurasa mmoja, tutaisoma kwa furaha. Uhuru na Kazi!