Aibu Haizuii Damu

Msomaji kijana, miongoni mwa mambo ambayo watu wazima wa pwani yetu wameafikiana kutoyasema mbele yako, moja ni utoaji wa mimba kwa njia za hatari. Hunong'onwa nyuma ya mlango, na aghalabu baada ya mazishi. Mtu akiuliza marehemu aliugua nini, hujibiwa kwamba alikuwa na homa, au aliumwa na tumbo, au siku zake zilitimia. Mimi nadai kwamba unyamavu huo si adabu wala si heshima. Ni mshirika wa mauti, na wewe uliye darasani leo una haki ya kuambiwa habari hizi waziwazi kabla hazijakufika.

Jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Ulimwenguni hukadiria kwamba mimba zipatazo milioni 73 hutolewa duniani kila mwaka, na kwamba karibu 45 katika kila 100 hutolewa kwa njia zisizo salama. Katika hizo za hatari, 97 kwa kila 100 hutokea katika nchi zinazoendelea, yaani kwetu na kwa wenzetu. Hapa Kenya, uchunguzi wa Wizara ya Afya na watafiti wengine ulikadiria kuwa mwaka 2012 mimba zilizotolewa zilizidi 460,000, na wanawake na wasichana wapatao 120,000 walitibiwa kwa madhara yaliyofuata. Hao ni waliofika kwa daktari. Waliozikwa bila kufika hawamo katika hesabu ya waliotibiwa.

Chukua mfano wa msichana wa Majoreni, kijiji cha minazi na mihogo kusini mwa Kwale, upande wa Vanga. Simtaji mtu, nataka uione njia tu. Amekosa hedhi miezi miwili. Hawezi kumwambia mama, kwa kuwa mama atalia. Hawezi kumwambia baba, kwa kuwa baba atamfukuza. Hawezi kumwambia mwalimu, kwa kuwa shule nzima itajua kabla ya kengele ya saa saba. Anamwendea mtu anayesemekana kuwa ana dawa. Dawa hiyo haina jina wala kipimo, na mtoaji wake hajapata kusoma mlango hata mmoja wa uganga wa hospitali. Siku ya pili damu inatoka. Siku ya tatu haijakoma, na mwili umeanza kutetema kwa homa. Sasa angalia: zahanati ni karibu, lakini anaogopa kuonekana akiingia. Hospitali kubwa ya rufaa iko Msambweni, na kwenda huko ni lazima apatikane mwenye pikipiki au gari, na nauli, na mtu mzima wa kufuatana naye. Na kila mmoja wa hao ana ulimi. Basi anajifunika kanga na kusema kuwa ana malaria. Wahenga waliposema kwamba mficha maradhi kilio humfichua, walikuwa kama wanamtazama yeye.

Ni nini hasa kinachoua hapo? Mimba ikitolewa na mtaalamu kwa vyombo safi na kwa dawa iliyopimwa, hatari yake ni ndogo. Kinachoua ni mkono usiojua, chombo kichafu, na saa zilizopotea. Mabaki yakisalia ndani ya kizazi, damu haikomi na uchafu huingia katika mwili mzima. Kizazi kikitobolewa, damu humwagika tumboni isionekane. Asiyekufa anaweza kubaki tasa, na katika vijiji vyetu unajua mwanamke tasa husemwaje. Tiba ya mambo haya si ya ajabu: ni kusafisha kizazi, kutia maji na damu mwilini, na kutoa dawa za kuua vijidudu. Lakini tiba hiyo hungoja hospitalini, na mgonjwa anafichwa chumbani.

Wako watakaosema kwamba woga ni ukuta, na kwamba tukilegeza hofu tutafungua mlango wa uasherati. Hoja hii husikilizwa sana, kwa hiyo naijibu kwa matendo ya dunia. Mwaka 1966 serikali ya Romania ilipiga marufuku utoaji wa mimba kwa ukali mkubwa. Uzazi ulipanda kwa muda mfupi kisha ukashuka tena, lakini vifo vya wanawake viliongezeka mwaka hata mwaka. Serikali hiyo ilipoanguka Desemba 1989 na marufuku kuondolewa, katika mwaka mmoja tu vifo vya uzazi vilipungua kwa karibu nusu. Na kwetu je? Sheria ya jinai tuliyorithi kwa Waingereza inamtishia mtoaji kifungo cha miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7. Ukuta huo umesimama muda wote, na hesabu ya mwaka 2012 umeisoma hapo juu.

Katiba ya mwaka 2010 ilisema maneno mengine, ingawa wengi hawajayasikia. Kifungu cha 26 hakiruhusu utoaji wa mimba ovyo, lakini kinauruhusu pale mtaalamu wa afya aonapo haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Kifungu cha 43 kinasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hakikusema mtu mwema, wala mtu aliyeolewa. Hata hivyo, mwaka 2019 katika kaunti ya Kilifi, msichana aliyekwenda kutibiwa mimba iliyoharibika alikamatwa na askari pamoja na mganga aliyemtibu. Nakuomba ufikiri: aliyesikia habari ile huko kijijini, usiku ambao bintiye anatoka damu, atamchukua wapi?

Nina neno pia juu ya mtu asiyetajwa kamwe katika visa hivi. Mimba haiji kwa upepo wa kusi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inamhesabu kuwa mhalifu kila anayemwingilia mtoto aliye chini ya miaka 18, awe ana ridhaa au hana. Lakini mara ngapi wazee wamekaa chini ya mwembe, wakapokea mbuzi au fedha kidogo, wakasema jambo limekwisha? Limekwisha kwa mwanamume. Msichana amebakiwa na tumbo na aibu peke yake, na wale wale waliopokea mbuzi ndio watakaomwita mpotevu. Huu ni unafiki, nami sioni neno laini la kuuita.

Msichana anayebeba mimba hapotezi shule. Tangu mwaka 1994 sera ya Kenya inamruhusu kurudi darasani baada ya kujifungua, na mwongozo wake ulitolewa upya mwaka 2020. Laiti kila msichana angalijua hilo mapema, wako ambao wasingalikimbilia mlango wa mwenye dawa.

Ama wewe, ukimwona mwenzako anatoka damu nyingi isiyokoma, au ana homa na tumbo linamuuma, au anatoa uchafu wenye harufu mbaya, au anazimia, usimwulize ni ya nani. Muulize imeanza lini. Mwite mtu mzima mwenye moyo, hata kama si wa nyumba ile, mmpeleke zahanati. Na mkikuta imefungwa, tafuteni gari la Msambweni usiku ule ule, na mmweleze daktari ukweli wote alioutumia na alioumeza, kwa kuwa bila huo hajui aanzie wapi.