STAA MUUZA "NURU" AACHE KUWACHEZEA WAGONJWA WA PRESHA YA MACHO!

Wadau, kuna staa mmoja wa mjini (jina kapuni) anapiga promo ya majani yake ya kuosha macho. Kwenye klipu kashika kichupa cha timololi, anakitupa kwenye ndoo ya taka: "Kemikali hizi mtatumia mpaka lini?" Laiki kibao, makopakopa kama yote.

Sasa huko Kisaki, ndani kabisa ukishapita Matombo na Mvuha, bibi mmoja muuza vitumbua kaonyeshwa hiyo klipu na mjukuu wake. Bibi kaacha matone. Miaka miwili alikuwa anadondoshea asubuhi na jioni, huku analalamika hayamwongezei kuona. Na ni kweli, hayaongezi! Hapo ndipo staa anapowapatia watu. Timololi hairudishi nuru iliyokwisha potea. Inapunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho, presha inashuka, mshipa wa kuonea usizidi kufa. Ukiacha, presha inapanda kimya kimya, mara nyingi haiumi hata kidogo, unakuja kushtuka unajigonga kwenye mlango wa nyumba yako mwenyewe.

Na wagonjwa sio wachache. Utafiti wa Kongwa, hapo jirani Dodoma, uliotoka mwaka 2000, ulikuta karibu watu 4 katika kila 100 wa miaka 40 na kuendelea wana glaukoma.

Dawa ina ubaya wake, tusidanganyane. Ni ndugu wa vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo. Tone linapita puani, linaingia kwenye damu, mwenye pumu anaweza kubanwa kifua mpaka akimbizwe hospitali. Ndiyo maana haiazimwi kwa jirani kama chumvi, na ukishadondoshea unabonyeza kona ya jicho upande wa pua kama dakika mbili hivi. Mwenye pumu, daktari anambadilishia. Staa angesema hayo angeeleweka. Yeye pumu hajaitaja kabisa, katupa chupa, kaweka namba ya kutumia hela.

Bibi kashtuka, kataka kurudia matone yake. Kichupa kipo kabatini, ila kimeshapitisha wiki 4 tangu kifunguliwe, hakifai tena. Kingine mpaka Morogoro mjini, na mvua hizi barabara mnaijua. Nauli atatoa staa?